Mtembeza Wageni Atembezwa

Miaka ishirini na mitatu nasimama hapa Ngomeni,
kitambulisho shingoni, gazeti limekunjwa mkononi,
nikiwaambia watu: angalieni vichwa, mlango ni mfupi.
Najua watakapopiga picha kabla hawajajua wenyewe.
Najua nani atauliza choo.
Na yule anayejua kila kitu namjua tangu langoni,
kwa jinsi anavyofunga mikono nyuma.

Mwaka huu Zuena, aliyeolewa Lisbon na fundi wa lifti,
akanitumia tiketi:
"Baba, na wewe ukatembezwe."

Basi nikatembezwa.

Siku ya kwanza, vilima. Hakuna aliyenionya.
Mji mzima umepanda ngazi ukasahau kushuka.
Mawe ya njiani meupe kwa meusi, yamepangwa kwa ufundi,
yateleza kama sakafu ya msikiti watu wakishatawadha.
Tramu ya manjano yakwaruza kona
kama mbuzi inayokuna nazi iliyokwisha.
Lakini nguo zilikuwa zimeanikwa madirishani,
na bibi mmoja juu akigombana na bibi mwingine chini:
hapo nikapumzika kidogo,
nikadhani nimetokea Kuze kwa mlango wa nyuma.

Siku ya pili, ziara ya kulipia.
Kiongozi wetu msichana, jina lake Filipa,
mwavuli wa kijani kaufunga, kauinua kama bendera.
Nikakaa nyuma kabisa, nikaitazama kazi yangu
ikifanywa na mtu mwingine.
Alishusha sauti kabla ya neno zito:
mimi hufanya hivyo penye kisima.
Alijifanya afunga kiatu ili wazee wamfikie:
na hiyo pia ni yangu, wallahi, nilidhani nimeibuni mimi.
Soli yake ya kulia imeliwa upande wa nje.
Nikaitazama yangu.

Kando ya mto akatusimamisha juu ya ramani ya mawe,
dunia nzima chini ya nyayo, merikebu na miaka.
"Hapa ndipo walipoondokea," akasema, "wakaenda kuvumbua."
Akapunga mkono mara moja, Afrika ikaisha,
tukawa tayari tuko Bara Hindi twanunua pilipili.

Nikaitafuta Mombasa kwa ncha ya kiatu.
Nilipofika pwani yetu pana mtu amesimama,
bwana mnene, aiskrimu yamdondoka,
nisijue kama mji wangu uko chini ya ndara zake
au haukuandikwa.

Nikainua mkono.
"Ndiyo, bwana?" akasema Filipa.
Watu wote wakageuka.
Nikahisi mikono yangu ilivyokuwa nyuma muda wote ule,
imefungwa.
Nikauliza choo kiko wapi.

Mwisho wa ziara nikampa noti. Hakuitazama.
Akaitia mfukoni, kidole gumba kikaipima humo humo,
tabasamu lisiyumbe hata chembe.
Ah, dada yangu.
Nikaongeza nyingine.

Leo niko Ngomeni tena.
Kadzo wa tiketi aniuliza, "Bwana Shee, umetuletea nini?"
Vikeki vya mayai, vimepondeka sandukuni.
Na magoti haya.

Saa nne wameingia mume na mke, watu wa Lisbon,
kofia mpya za ukindu, wameuziwa mara tatu ya bei.
Waniuliza kama nimewahi kufika kwao.
Nawaambia mtaa anaokaa Zuena, wanacheka,
wanasema hata wao huuogopa mlima ule.

Kisha tumefika ukutani, kwenye matumbawe,
mahali pangu pa kusema mwaka na jina la aliyejenga.
Nimesema mwaka. Halafu, bila kushusha sauti:
"Kabla ya ukuta huu palikuwa na mji.
Ukachomwa. Ukajengwa. Ukachomwa tena.
Watu walikuwa na majina, wana mikeka, wana madeni."

Yule mwanamke akainua mkono,
akaushusha nusu njia,
akaugusa ukuta.

Sikumharakisha.
Niliinama, nikajifanya nafunga kiatu.