Upindo

Futi kamba iko shingoni mwangu tangu asubuhi.
Nimeshapima mabega ya bibi harusi wawili, kiuno cha mwalimu mmoja,
na sasa nampima mwanangu, kaketi juu ya baiskeli:
mguu, kutoka nyonga hadi kisigino,
mkono, kutoka bega hadi kiganja.
Fundi Nandonde hana mbavu.
"Mama Somoe, unaishonea suruali?"

Cheka tu. Nguo ya kuazima naijua kwa kuitazama.
Hii ilishuka na mtumba bandarini Mtwara,
ikapanda Newala juu ya lori la saruji,
gia kumi na nane, maandishi ya kwao ubavuni,
na shokapu mbili mbele, nene,
zilizotengenezewa mtu wa kuzibonyeza.
Somoe ana miaka tisa. Akiziegemea,
hazijui kama kuna mtu.

Tuliipeleka ghalani, kwenye mizani ya korosho.
Karani akaisimamisha kati ya magunia:
kumi na tano na robo.
Kisha Somoe akapanda, peku, kabana pumzi:
ishirini na mbili.
Nikapiga hesabu njia nzima ya kurudi.
Ni sawa na mimi kupanda kilima kila siku
na nusu gunia, halafu niambiwe nacheza.

Malipo ya pili yaliingia Alhamisi.
Baba yake alitaka bati.
Nikamwambia, ndoo za kukingia tunazo.

Fundi akaanza kufumua.
Shokapu zikatoka, ukaingia uma mwembamba
wa baiskeli iliyokufa zamani.
Matairi ya vipara vinene yakapisha membamba.
Usukani akaukata kwa msumeno,
vidole vitatu huku, vidole vitatu kule,
kama ninavyopunguza shati la kaka liwe la mdogo.
Mikono ya pedeli ilikuwa mirefu, goti likimfika kifuani;
akaitoboa upya, karibu na kitovu cha gurudumu la meno,
akachonga njia ya skrubu taratibu, kwa mafuta ya kula,
maana ya mashine yalikwisha.

Halafu breki.
Kuna kiskrubu pale, kidogo kama punje ya mtama,
hakuna aliyekigusa tangu kiwandani.
Akakizungusha mara nne.
Mkono wa breki ukasogea, vidole vya mwanangu vikafika.

Mara nne tu.
Mwaka mzima amekuwa akifunga breki kwa kandambili,
na mimi nikimgombeza kwa soli zilizolika,
mimi, ninayekula kwa kupima watu.

Madigadi, kikapuni. Stendi, kikapuni.
Keria ilipofuata, Somoe akaishika.
"Na Mfaume atakaa wapi?"
Mfaume ana miaka minne, hupakiwa kila asubuhi hadi chekechea.
Nikamweleza: keria peke yake kilo nzima,
mdogo wako kilo kumi na tano,
tutakuwa tumerudi tulikotoka.
Akanitazama kama mteja aliyeletewa gauni la mwenzake.
"Kwani tuliipunguza ya nini?"

Fundi akainama kutafuta nati zake.
Mimi nikaingia ndani, nikatafuta kipande cha kanga,
nikashona kitakio, nikakijaza pamba ya mto wangu.

Kilima kiko nyuma ya ghala, udongo mwekundu, mvua imeanza.
Walipanda wawili, gia ya chini kabisa,
mnyororo ukisema jambo moja tu bila kugugumia.
Somoe alishuka, ndiyo, sitadanganya.
Lakini hakushukia kwenye jiwe la siku zote.
Nikatoka kuhesabu kwa miguu yangu:
hatua kumi na saba juu yake,
na Mfaume bado kaketi, anadai iendelee.

Kikapu cha vyuma kiko mlangoni, muuza chakavu hajapita.
Kwenye daftari la wateja, chini ya bibi harusi wa pili,
nimeandika: Somoe. Usukani ubaki. Siti ipandishwe mwezi wa sita.
Nguzo ya siti nilimkataza fundi asiikate,
imezama yote ndani ya fremu, inangoja.
Nimeacha upindo.