Mdomo wa Glasi

Mimi hukata vioo vya madirisha, hapa Poperinge,
na kila Ijumaa nilikuwa nikisema:
kioo ni kioo. Mchanga uliochomwa.
Kazi yake ni kuzuia kitu kisiingie
au kuzuia kitu kisimwagike.
Mengine ni maneno ya wauza bia.

Godelieve hakunijibu.
Rafu zake zilibeba glasi sabini na ushei,
kila bia na ya kwake, kama mguu na kiatu,
na ukiagiza bia ambayo glasi yake iko kwenye sinki
utangoja. Hata ukiwa meya, utangoja.
Mholanzi mmoja alimwambia, mimina tu kwenye hiyo nyingine;
alioneshwa mlango, kwa adabu, pamoja na mwavuli wake.

Novemba, mvua ya ubavuni,
mashamba ya hopsi yamebaki nguzo na nyaya,
tukawekeana dau.
Alinifunga macho kwa taulo ya vyombo, inanuka limau.
Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ndefu:
bia ilipita ulimini upesi
kama mtu anayemkwepa mdai wake.
Ya pili, ukingo mnene, nikahisi nanywa kwenye beseni.
Ya tatu, tumbo pana, shingo imebanwa,
pua ilitangulia kuingia, midomo ikafuata,
nikakuta ganda la chungwa, mkate ulioungua kidogo,
na kitu fulani cha ghalani.
Nikasema: hii ndiyo bia. Hizo mbili wapeni ng'ombe.

Akanifungua macho.
Chupa moja mezani. Moja tu, na kizibo chake kando.
Walicheka mpaka mbwa wa Odiel akaamka.
Nililipa dau: kioo kipya, dirisha la choo.

Basi nikawa mhubiri.
Shingo hukusanya harufu, nikiwaambia wapita njia,
ukingo mwembamba haukai njiani,
maji hufuata mkondo, bia hufuata kioo.
Nilikuwa na majibu yote mpaka Januari.

Mjomba Firmin, makao ya wazee, chumba cha tisa.
Miaka thelathini alikausha hopsi; sasa pua imekufa,
homa iliondoka nayo isiirudishe.
Hanusi kahawa. Hanusi moshi.
Hanusi wenzake wa mezani, na hilo, asema, ni neema.
Jumapili huruhusiwa bia moja.
Muuguzi huileta katika kikombe cha plastiki chenye mfuniko na chuchu
kwa sababu mikono inatetemeka.
Firmin alionja, akakisukuma mbali.
"Hii siyo."
Nikaisoma chupa. Ndiyo.
Nikamweleza, mimi mwanachuoni wa glasi:
mjomba, umbo ni kwa ajili ya harufu,
na wewe harufu huna.
Alinitazama kama ninavyotazama kioo kilichokatwa vibaya.

Jumapili iliyofuata Godelieve alinikabidhi soksi ya sufu.
Ndani yake, glasi: shina fupi, tumbo,
na kovu dogo kwenye kitako.
Muuguzi aliguna, kisha akafunga mlango, akabaki nasi ndani.

Sikuwa nimefungua chupa bado.
Kidole gumba kilishapanda chenyewe kwenye shina, kikatulia;
mtetemeko ukapungua,
sisemi ulikoma, ulipungua,
akainua glasi tupu, akaiinamisha, akangoja,
kisha kwa mgongo wa mkono
akapangusa kwenye masharubu
povu ambalo halikuwapo.

"Sasa mimina," akasema.

Nilimimina vibaya, nusu ikawa povu,
nyingine ikaniingia mkononi mwa koti.
Hakulalamika.
Alilalamikia mvua.