Mlima Haupigi Simu

Zamu yangu huisha saa kumi na moja alfajiri.
Navua visikizi, masikio yamevimba sauti za watu:
mama wa Mukuru aliyesema anapumua, hapumui, anapumua,
mzee aliyekumbuka jina la mtaa, namba ya lango, rangi ya lango,
akasahau jina la mke aliyeanguka jikoni.
Mimi husikia mwanzo tu wa mambo.
Mwisho huchukuliwa na gari la king'ora,
nami hubaki na saa, dakika,
na kalamu iliyotafunwa kisogo.

Siendi kitandani. Napanda ngazi.
Ghorofa ya saba, Pangani, mlango wa paa una kufuli
na ufunguo anao Kyengo, mtunza jengo,
ambaye siku ya kwanza alinitazama sana
akauliza kama nyumbani kuna amani.
Nikamwonyesha kamera.
Akapanda nami hata hivyo,
akasimama kati yangu na ukingo.

Kamera yenyewe ni ya mkono wa tatu, niliitoa Luthuli.
Kioo kina mkwaruzo
unaoangukia kila picha, juu kushoto,
kama unywele wa mtu nisiyemjua.
Naikaza kwenye miguu yake mitatu
katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo,
nasogeza shuka la jirani, bado bichi,
naelekeza mashariki.

Hakuna cha kuona, na hicho ndicho nilichokijia.
Julai imemwaga mtindi bonde lote la Mathare.
Mabati machache yanaelea, mnara wa msikiti,
winchi ya ujenzi iliyosahauliwa ikinyoosha mkono.
Nafungua kioo kwa sekunde nane.
Kwa sekunde nane husogei,
hata pumzi unaiomba ruhusa.

Kwenye simu mimi huhesabu kifua cha mtu:
moja, mbili, kandamiza, usiache, moja, mbili.
Hapa nahesabu mwanga,
na mwanga haufi nikikosea.

Picha ya kwanza ni kijivu. Ya pili, kijivu.
Ya tatu kuna kitu, au jicho limetamani kitu:
mstari, kama mtu aliyejifunika blanketi akageuka ubavu.
Kilimambogo.
Hauniiti. Hauulizi gari limefika wapi.
Uko pale tangu kabla ya Pangani kuwa na jina,
na mabega yangu, ambayo sikujua nimeyapandisha,
yanashuka yenyewe.

Leo Kyengo alikuja na kikombe cha chai, kimoja,
akasita, akanipa mimi.
Akainama juu ya kioo kidogo cha nyuma, akakikodolea
kama anayesoma bei.
"Yatta iko nyuma ya huo," akasema.
"Saa hizi mama anapuliza moto, kuni zimenyeshewa, anazitukana."
Nikamwambia haionekani.
"Najua haionekani. Lakini umeipiga."

Nikaitazama tena ile picha.
Imetikisika kidogo, nadhani aligusa mguu mmoja wa kamera akija.
Nyuma ya mlima, Yatta na moshi wake.
Na upande ule ambao sikuuelekezea kioo, kusini,
Mukuru, na mlango mmoja,
na mtu ndani yake anapumua, au hapumui.

Sikuifuta.
Nikarudisha shuka la jirani mahali pake,
nikanywa chai yote, na majani ya chini.