Chaki Tano

Mwaka wa pili, bumu halijatoka.
Daftari la nota pale dukani bei yake ni chakula cha siku tatu,
basi nimeazima rula
na nachora mitano, naruka, nachora mitano, naruka,
hadi saa saba usiku, na Rukonge kitanda cha juu
ananiuliza, nusu yuko ndotoni, kama nalima matuta.

Ndiyo, nalima.
Kesho nitapanda.

Kaka alipiga simu kutoka Muheza.
"Shahada nzima, miaka mitatu, kusomea la-la-la?"
Salio lake likakatika kabla sijajibu.
Nilishukuru mtandao.

Mtihani wa masikio ulikuwa Jumatano.
Mwalimu Kilongola anatupa mgongo, anabonyeza kinanda,
sisi tunaandika tulichosikia.
Swali la sita hakubonyeza. Alichukua fimbo
akagonga ubao mmoja wa marimba, mara moja tu,
akauacha ulie mpaka mwisho.
Darasa zima likaandika mi.
Mimi kalamu ilibaki hewani:
mi imekalia mstari, fa imekalia nafasi,
zimegusana mabega, hakuna pa kupenyeza hata unywele,
na ile sauti ilikuwa imepenya.
Nikaweka nukta katikati, kama inzi aliyetua.

Karatasi ilirudi na mkasi mwekundu, alama mbili zimekwenda.
Pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:
Umesikia vizuri. Karatasi haina nafasi hiyo.

Nilipangiwa mazoezi ya kufundisha
kwenye shule moja nyuma ya soko, hapa hapa Bagamoyo.
Darasa la nne, watoto themanini na saba,
ala ya muziki: kengele ya shule, na hiyo haiguswi.
Mwalimu mkuu alinipa nusu saa ya Ijumaa,
"hisabati wakishachoka."

Nikaenda kwa fundi Pazi, mchonga milango.
Nikamwomba kipande cha mninga chenye matundu matano,
kila tundu unene wa chaki.
Akakigeuza geuza. "Mlango wa nani huu, mwanangu,
wenye macho matano na hauna bawaba?"
Elfu tatu yangu akaikataa,
akapokea elfu mbili.

Ijumaa. Kilongola amekuja kunikagua,
amekaa dawati la nyuma, magoti yapo kifuani.
Nikabandika ubao wangu ukutani, nikauburuta
kutoka dirishani mpaka mlangoni,
mistari mitano ikatoka kwa pamoja
na themanini na saba wakasema haaa!
kama umeme umerudi.

Kisha chaki ya chini ikavunjika.
"Mwalimu," akasema Mwanakombo, "mmoja amefariki."

Tukacheka, tukaimba kwa mistari minne.
Do, re, mi, viganja vinapiga madawati,
na kwenye mi Mwanakombo akapanda kidogo,
kidogo tu, akatulia pale, hakutikisika.
Wenzake wakamcheka. Nikawanyamazisha.
Nikamwambia: njoo uiweke ubaoni.

Alikuja. Aliitazama mi. Aliitazama fa.
Alichukua kile kipande kilichovunjika
akachora mstari wake mwenyewe, katikati, umepinda,
akaketisha nukta yake juu yake,
akarudi kukaa akijifuta mikono kwenye sketi.

Sikujua niseme nini.
Hakuna mhadhara wa jambo hilo, na kama ulikuwepo
siku hiyo nilikuwa foleni ya benki.
Nikasema: "Haya. Tuimbe ya Mwanakombo."
Nyuma kule penseli ilikuwa inatembea.
Mpaka leo sijaiona fomu hiyo.

Mwalimu wa hisabati alikuwa keshafika mlangoni
na rula lake kubwa chini ya kwapa.
Nikapitisha dasta upesi. Minne ilifutika.
Ule uliopinda ulikuwa umekandamizwa mno,
na juu yake akaandika, bila kuuliza,
kujumlisha sehemu.