Thelathini au Thelathini na Moja

Siku ya tatu baada ya matanga, nyumbani Kiboriloni,
tulivuta sanduku la bati kutoka uvunguni.
Aikande akahesabu: madaftari thelathini na moja.
Nikahesabu mimi: thelathini.
Tukabishana mpaka chai ikapoa, kumbe
moja lilikuwa limemezwa na jenzake,
jalada ndani ya jalada.

Kaka Aminieli, mhasibu, akasema tupange kwa miaka.
Miaka ikakataa.
Shangazi Ndekirwa aliandika kutoka mbele hadi kati,
kisha akapindua daftari kichwa chini
akaanza upya kwa nyuma,
hivi kwamba mwaka wa njaa na mwaka wa umeme
wamekutana katikati, penye pini,
na hakuna aliyempisha mwenziwe.

Basi tupange kwa mambo, akasema Aikande.
Tukatandika khanga sakafuni, kila jambo na khanga yake.
Hapa ya madeni: "Mama Kullaya, sukari nusu, amesema Jumanne."
Chini yake Jumanne kumi na nne, zote zimekatwa mstari.
Hapa ya mvua, aliyoipima kwa kopo la maziwa
juu ya banda la kuku, akaandika "vidole viwili", "kidole",
"kopo limeibwa".
Hapa ya safari: alisafiri mara moja tu, Tanga, siku nne,
kurasa sitini.
Hapa ya ugomvi wake na Mchungaji,
uliodumu miaka tisa bila Mchungaji kujua.
Hapa ya mapishi.

Aminieli akafungua moja, akasoma kwa sauti yake ya hesabu:
"Mtori wa Eliaichi. Ndizi mshare saba, mifupa ya shingo.
Usikoroge ukiwa na hasira.
Hakuumaliza. Mtoto hakuifikia Jumapili."
Akabaki amesimama, mguu huku, mguu kule.
"Hili ni la mapishi," akauliza, "au la misiba?"
Hatukuwa na khanga ya misiba.
Aikande akafungua leso yake ya kichwa, akaitandika.

Nikasema: tupange kwa anayeambiwa.
Maana deni anajikumbusha mwenyewe,
ugomvi anamwambia Mchungaji,
safari anamsimulia marehemu mume wake, "ungeona, Baba Aikande",
na mvua?
Mvua haambii mtu. Mvua anaiandika tu.

Shangazi alikaa miaka ishirini na miwili
kwenye meza ya kuchambua kahawa, pale kiwandani,
vumbi la maganda likimpaka nyusi.
Alitufundisha alama kabla hatujajua kusoma: AA, A, B,
na PB, punje pweke, ile iliyozaliwa bila pacha
ikajaza tunda zima, ikawa mviringo.
"Haitengwi kwa ubaya," alisema. "Inabingirika tu."
Na pia alisema:
"Mashine inajua ukubwa. Uozo unajulikana kwa mkono."

Jioni tulilichomoa lile lililomezwa.
Ukurasa wa kwanza, mwandiko wake wa kuinama:
"Daftari la kwanza: AA.
La pili: AA.
La tatu: B. Nilikuwa naumwa jino.
La nne:"
Na baada ya hapo, chumvi, kiberiti, uzi mweusi,
dawa ya mbuzi.

Aminieli alicheka hadi akavua miwani.
Akaendelea kuifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tukakunja khanga. Tukarudisha yote sandukuni
kama yalivyokuwa, tulisema,
ingawa hakuna aliyekumbuka yalivyokuwa.
Aikande akaaga mapema; anapanda Uru, njia ina tope.
Alikuwa kichwa wazi, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba mayai.

Tulihesabu tena kabla ya kufunga kufuli.
Mimi: thelathini.
Aminieli: thelathini.
Safari hii hatukubishana.