Maziwa Lita Sitini

Niliiona peke yangu, saa nane za usiku.
Filamu huja na basi la mwisho kutoka Madurai
na sharti niikague kabla ya alfajiri, mkanda usije ukakatika mbele za watu.
Mikebe saba.
Kufikia wa tatu chai yangu ilikuwa imefanya utando,
na Senguttuvan, Senguttuvan wetu,
aliyewahi kunyamazisha ukumbi kwa kukunja tu mkono wa shati,
alikuwa anamkimbilia binti wa rika la wanawe
kwenye theluji ya nchi nisiyoijua,
tumbo limebanwa, wigi limechelewa nusu hatua.

Kuna mahali anamlilia mama yake aliyekufa.
Nilirudisha mkanda, nikatazama tena.
Macho yake yalikuwa yanasoma.
Pembeni ya kamera mtu alikuwa amemshikia karatasi.

Nje walikwisha kufika:
kinyozi Sudalaimuthu na mashabiki wenzake,
wamemsimamisha Senguttuvan wa mbao, futi arobaini,
sura ya miaka ishirini iliyopita,
wanapanda ngazi na ndoo kumwogesha maziwa.
Lita sitini. Baiskeli imewekwa rehani.
Hilo nililisikia kwa Pechiammal mkewe,
alilitaja bila hasira, kama bei ya chumvi.

"Kaka Irulappan! Wewe umeiona. Ikoje?"

Mimi nisiyemficha hata mkopeshaji wangu
nikasema, "Ngoja ujionee."

Kidirisha changu ni kidogo kama bahasha.
Siku ile niliwatazama wao.
Alipotokea, magazeti yaliyochanwa yakaruka,
sarafu zikagonga skrini, miluzi hadi masikio yakauma.
Mkebe wa pili, miluzi ya hapa na pale.
Wa tatu, mtu alikohoa na wote tukamsikia.
Wa nne walitoka kwenda haja, wasirudi.
Sudalaimuthu hakuinuka.
Alipiga makofi pale ambapo zamani tungepiga sote,
peke yake,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kwenye kilio cha mama, watu walicheka.

Baadaye alipanda ngazi zangu,
shati lanuka maziwa yaliyochacha.
Nilijua amekuja kunidai ile kweli ya alfajiri.

"Kaka," akasema, "mashine yako imechoka.
Taa hafifu, sauti inakwaruza.
Imemharibia mtu wa watu."

Miaka kumi na tisa naipaka mafuta mashine ile
kuliko nilivyowahi kumpaka mtoto.

"Ni kweli," nikamjibu. "Ni taa. Kufikia jioni itakuwa sawa."

Akashusha pumzi, karibu acheke.
Chini mbwa wawili walikuwa wanalamba viatu vya Senguttuvan
na rangi ilikuwa inatoka.

Jioni alikuja na Pechiammal, akakata tiketi mbili.
Taa haikuwa na ubaya wowote.
Niliibadilisha hata hivyo,
na lenzi nikaifuta mara tatu.