Maji ya Saa Nane

Bomba la uani hukohoa kwanza.
Likohoe mara mbili, linyamaze,
kisha liteme hewa kama mbuzi aliyepaliwa,
na nyumba nzima inajua: yametoka.

Saa nane usiku, Nkuhungu, mwezi wa saba.
Baridi inauma hadi kwenye kucha,
na upepo wa Dodoma, ule usiojua hodi,
umeshapita vyumba vyote sita kuamsha watu.
Milango inafunguka. Ndoo zinagongana.
Mama Chilewa katoka na blanketi kichwani,
sufuria mkono huu, beseni mkono ule,
anafoka: "Foleni jamani, hapa si mnadani!"
na ni yeye wa kwanza kuivunja.

Sitaki kukudanganya.
Usiniambie umaskini ni mtamu;
nimeuonja, una ladha ya mlenda usiotiwa chumvi.
Bosi wa saiti kasema atalipa Ijumaa.
Ijumaa ipi, hakusema.
Nilikuwa na noti moja, ya elfu mbili,
nimeikunja mara nne kama barua ya siri:
ndiyo unga, ndiyo mkaa, ndiyo kesho.

Basi Mbeho, mke wangu, kwa furaha ya maji,
akaloweka kila kilichoshonwa:
mashuka, soksi, sare ya Yoeli,
na suruali yangu ya kazi yenye saruji magotini
na ile kesho yangu mfukoni.

Aliiona ikielea juu ya povu.
Akaitoa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa inzi kwenye uji.
Ua mzima kimya.
Ndipo Lazaro, mwanachuo wa chumba cha mwisho,
akasema taratibu:
"Hizo sasa ndizo pesa safi."

Tulicheka. Mungu wangu, tulicheka.
Mama Chilewa alikalia ndoo yake mwenyewe, ikapinduka,
maji yakatupitia miguuni ya baridi kama kisu,
tukaruka, tukacheka upya,
mbwa wa mtaa wa pili wakatujibu.
Tukaibana noti kambani kwa kibanio cha bluu,
kati ya nepi na soksi, ikauke.

Hakuna aliyerudi kulala.
Mtu alileta karanga kwenye mfuniko wa sufuria.
Mbeho akasimulia habari za shangazi yake wa Mpwayungu
aliyemfukuza fisi kwa mwiko, ugali ukiwa bado umeung'ang'ania,
na fisi akarudi kesho yake kuuliza kama umebaki.
Alisimulia huku amenilalia begani,
mikono inanukia sabuni,
na mimi sikuwa nafikiri Ijumaa yoyote.

Kulipopambazuka kamba ilikuwa na kila kitu
isipokuwa noti.
Kibanio kipo, kimeuma hewa.

Tuliitafuta, nisikufiche.
Nyuma ya choo, kwenye michongoma, mpaka barabarani
nikiinua kila karatasi ya vumbi.
Kifua kiliniwaka. Elfu mbili ni elfu mbili.
Yoeli ananifuata na sare mbichi mwilini,
akaniuliza kwa dhati kabisa:
"Baba, upepo utanunua nini?"

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.
Tuliporudi, mlangoni palikuwa na jagi la uji wa uwele,
limefunikwa kwa sahani ya Mama Chilewa, ile yenye ufa.
Ndani pipa limejaa hadi shingoni.
Tukanywa kwa zamu, kikombe kimoja,
Yoeli akipanga orodha ya manunuzi ya upepo:
kofia, kwanza kofia, kwa sababu za watu amezichoka.

Ijumaa mbili zimepita.
Kule saiti wananiambia niirudie, na ninairudia,
fundi wa vigae hucheka mpaka anaweka mwiko chini.
Hata bosi alicheka.
Hajalipa.

Lakini usiku bomba likikohoa
natoka kitandani kabla ya Mbeho,
nazipapasa suruali zote mifukoni, moja moja, gizani.
Hamna kitu.
Nachukua ndoo, natoka nacheka peke yangu.